Punda anachechemea: maambukizi ya ukwato, dalili kwa dalili

Katika mji wa kale wa Lamu, mchanga, mawe ya matumbawe, saruji na magunia ya unga hupita vichochoroni mgongoni mwa punda. Punda akichechemea, kazi imelala. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye mkokoteni wa Mwea, Naivasha au Dodoma. Na malalamiko yanayowafikia maofisa mifugo na wakata kwato ni yale yale miaka nenda miaka rudi: jana alikuwa mzima, leo hakanyagi, ukwato unanuka, ukwato unamwaga unga, anaegemea nyuma na hataki kwenda, tulimtibu akapona, sasa amerudi pale pale. Mwongozo huu unafuata malalamiko hayo moja moja. Mwenye farasi naye atautumia, maana magonjwa ni yale yale.

Sharti ni moja tu: usitie dawa kwenye ukwato ambao hujausafisha na kuutazama. Madhara mengi huja kwa dawa iliyotangulia macho.

Kabla ya dalili yoyote

Punda anaficha maumivu kuliko farasi. Farasi akiumwa mguu, mtaa mzima utajua; punda ataendelea kubeba mpaka ashindwe. Kwa hiyo usisubiri achechemee. Punda anayelala mchana kuliko kawaida yake, anayeinua mguu huu na kuushusha kila dakika, aliyeinamisha masikio, au anayesimama mbele ya majani akichezesha mdomo bila kumeza, huyo tayari anaumwa.

Mfunge mahali penye kivuli na ardhi imara, na mwenzake awe karibu. Punda waliozoeana wakitenganishwa hupata msongo na huweza kuacha kula, na kwa punda kuacha kula ni ugonjwa mwingine kamili. Mguu uinue chini chini bila kuuvuta ubavuni. Na tafadhali, ile tabia ya kumsokota sikio ili atulie iachwe; siku ya pili hatakubali mtu yeyote amguse kichwa.

Mguu ukishainuka, toa tope na mavi yote kwa kulabu, ukitoka kisigino kwenda mbele. Asiye na kulabu atumie bisibisi ya zamani iliyopindwa ncha na kufanywa butu. Sugua kwa brashi ngumu na maji kidogo, kisha tazama sehemu tatu. Ya kwanza ni unyayo, yaani sakafu ngumu ya ukwato. Ya pili ni ile nyama inayobonyea iliyo katikati kuelekea kisigino, ambayo humu nitaiita pembetatu kwa umbo lake, pamoja na mifereji yake. Ya tatu ni mstari mweupe, utepe mwembamba unaozunguka pale unyayo unapokutana na ukuta wa ukwato. Mengi ya yanayofuata huanzia kwenye mstari huo.

Kisha shika nyuma ya kifundo, pembeni kulia na kushoto, kwa vidole viwili bila kukandamiza. Penye afya mapigo ya damu husikika kwa shida. Yakigonga waziwazi kwenye mguu mmoja, ndani ya ukwato huo kuna moto. Linganisha pia joto la kwato kwa kiganja, lakini fanya hivyo alfajiri au baada ya punda kukaa kivulini muda mrefu. Saa saba mchana pwani kwato zote nne ni za moto na hutajua lolote.

Jana alikuwa mzima, leo hakanyagi

Anza na jambo jepesi kabisa: jiwe. Kokoto hukwama kwenye mfereji wa pembeni mwa pembetatu na kumfanya mnyama aonekane mahututi. Toa, mtembeze hatua chache. Akitembea vizuri, mambo yamekwisha.

Kama hakuna jiwe, mshukiwa wa kwanza kwa mbali ni jipu ndani ya ukwato. Uchafu hupenya kwenye ufa mdogo au kwenye mstari mweupe uliolegea, usaha unajikusanya, na kwa kuwa ukuta wa ukwato hautanuki, usaha unabana nyama ya ndani. Ni maumivu ya kucha iliyovilia usaha, ila huyu anatakiwa aisimamie kucha hiyo hiyo akiwa na mzigo. Ndiyo maana watu humkuta ananing'iniza mguu wakadhani amevunjika.

Dalili za jipu hutembea pamoja: mguu mmoja, ghafla, ukwato una joto, mapigo nyuma ya kifundo yanagonga, na ukibonyeza unyayo sehemu fulani anavuta mguu. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo ukizunguka ukwato wote, kisha urudie pale alipovuta. Akivuta mara mbili mahali pale pale, ni pale.

Sasa kisu. Ukikwangua unyayo juu juu, weusi mwingi utaondoka, maana ni uchafu tu. Tafuta ule mstari au doa jeusi ambalo kila ukikwangua bado lipo na linaingia ndani. Hiyo ndiyo njia ya jipu. Anayejua kisu cha kwato huifuata kidogo kidogo, tundu lisizidi unene wa penseli, mpaka kitoke kimiminika cha kijivu au cheusi, chepesi, chenye harufu inayobaki mkononi hata ukinawa. Wakati mwingine hutoka kwa nguvu kabisa, na baada ya dakika chache punda anaanza kuugusisha mguu chini. Usaha wa ukwato hauwi mzito na wa njano kama wa jipu la ngozi, kwa hiyo usiendelee kuchimba ukiungoja wa namna hiyo.

Damu ikitoka, umepita mpaka: acha. Mstari ukipotea kabla hujafika popote, acha pia. Na asiyewahi kushika kisu cha kwato asijifunzie kwa punda mwenye jipu. Aloweke na kufunga, na kazi ya kufungua amwachie mwenye mkono. Tundu kubwa kwenye unyayo huponea kwa wiki nyingi, na jipu lenyewe lingepona kwa siku chache.

Kuloweka: maji ya moto kiasi ambacho mkono wako unavumilia, chumvi ya Epsom ya kutosha, au ya kupikia kama hiyo haipo, dakika 15 hadi 20, asubuhi na jioni. Punda akikataa ndoo, tumia kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la gari kilichofungwa upande mmoja. Mvishe mguuni kama soksi na umimine maji humo. Baada ya kuloweka, kausha, weka pamba yenye ayodini juu ya tundu, funika kwa pampasi ya mtoto, zungushia bendeji, na mwisho utepe mpana wa nailoni chini na pembeni. Utepe usipande juu ya ukingo wa nywele ukakaza ngozi. Mguu utavimba na utakuwa umetengeneza ugonjwa wa pili. Badilisha kila siku. Siku mbili au tatu za kuloweka zinatosha. Ukwato uliolowekwa wiki nzima unakuwa laini na kukaribisha yale yale unayoyafukuza.

Watu huuliza sindano. Penisilini haifiki vizuri kwenye usaha uliofungiwa ndani ya ukwato, na dozi moja ya sindano ya dukani hupoza kidogo tu, halafu jipu linarudi. Dawa ya jipu ni kulitoa. Antibayotiki zina nafasi yake pale maambukizi yanapopanda mguuni, na hapo ni daktari wa mifugo anayeamua aina na kiasi. Vidonge vya maumivu vya binadamu usimpe.

Jipu likishafunguka, nafuu inapaswa kuonekana ndani ya saa 24 hadi 48. Isipoonekana, mwite daktari: ama usaha haujatoka wote, ama ulichokiita jipu si jipu.

Sababu ya pili ni kitu kilichochoma: msumari, kipande cha chupa, mwiba wa mgunga. Palipo na ujenzi, misumari ya mbao za zege ndiyo adui. Ukikuta msumari, mkono utawasha kuung'oa. Ngoja. Kama umeingia sehemu ya pembetatu, hasa katikati yake, nyuma ya hapo kuna kano, kifuko cha maji na kiungo, na usaha ukifika huko punda anaweza asipone tena. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Daktari akiweza kufika upesi, uache msumari ulipo na umzuie punda asikanyage, ili aone umeelekea wapi na umefika umbali gani. Kama hawezi, au punda anaukanyaga na kuuzamisha, ung'oe kwa kufuata mwelekeo ulioingia, weka alama ya kalamu mahali pa tundu, piga picha kwa simu, na hifadhi msumari wenyewe ukiwa umeonyesha urefu uliokuwa ndani. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi, kijiko cha chai kimoja na nusu kwa lita, kisha ayodini, ufunge. Usipige maji kwa nguvu ndani ya tundu.

Kila kidonda cha kuchomwa, na kila jipu, ni mlango wa pepopunda. Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nao vibaya zaidi. Asiyechanjwa anahitaji kinga ya haraka kutoka kwa daktari, halafu chanjo kamili: dozi mbili zinazopishana wiki nne hadi sita na za kukumbushia baadaye. Dalili huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza, wakati mwingine zaidi, kidonda chenyewe kikiwa kimeshasahaulika. Anatembea amekakamaa, mkia umesimama, masikio yamesimama hayageuki, kigozi cha ndani ya jicho kinafunika jicho ukimshtua, taya halifunguki. Akifika hapo mtie gizani, mahali pasipo kelele, na simu ipigwe. Hakuna dawa ya nyumbani.

Sababu ya mwisho, isiyotokea sana lakini ya kuogopwa: mfupa umevunjika au kano imekatika. Ukwato hauna joto, mguu umepinda mahali pasipo na kiungo, au unasikia msuguano ukiushika. Usiloweke, usimtembeze. Mwache alipoangukia, mpe kivuli na maji, umwite daktari.

Ukwato unanuka, na kuna weusi kwenye mifereji

Hili ndilo lalamiko la masika na vuli, na la mazizi yasiyofagiliwa mwaka mzima. Mara nyingi ni kuoza kwa pembetatu. Bakteria wanaopenda mahali pasipo hewa hujificha kwenye mifereji iliyojaa mavi na mkojo, na kuila pembetatu polepole. Ukipitisha kulabu inatoka rojo nyeusi. Harufu yake ukishainusa mara moja utaitambua ukiwa mlangoni mwa banda.

Punda ana udhaifu hapa ambao farasi hana kwa kiwango hicho. Ameumbwa kwa nchi kavu, na ukwato wake hunyonya maji zaidi ya wa farasi. Punda wa Limuru anayesimama kwenye tope, au wa Lamu anayeingia baharini kupakia majahazi kisha akasimamishwa penye mtaro wa maji machafu, ana kwato zilizolowa karibu saa zote.

Hali ikiwa ya juu juu, safisha kila siku, kausha kwa kitambaa, na pitisha pamba yenye ayodini iliyozimuliwa mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi. Fagia zizi na umpe mahali pakavu pa kusimama usiku. Hilo pekee huponya nusu ya wagonjwa. Kama mfereji wa katikati umezama kiasi cha kumeza ncha ya kidole, kuna vipande vya pembetatu vilivyokufa vinavyoning'inia na kufunika uozo. Mkata kwato avikate hewa iingie. Baada ya hapo sokomeza pamba yenye maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya bluu, ndani ya mfereji, ubadilishe kila siku. Vijiko viwili vya chai vya unga wa mrututu katika nusu lita ya maji vinatosha. Vaa glavu, usiupake kwenye kidonda chenye damu, na maji yaliyobaki usiyamwage mahali mbuzi au kuku wanapokunywa. Mrututu ni sumu kwao, hasa kwa kondoo.

Oili chafu ya gari, maji ya betri, chuma cha moto, fomalini isiyozimuliwa: vyote nimeviona vimepakwa, na vyote huchoma nyama hai na kuacha bakteria chini yake. Oili ndiyo inayodanganya zaidi kwa sababu ukwato unang'aa na mwenyewe anaridhika. Imefunga hewa, nayo hewa ndiyo ilikuwa dawa.

Dalili ya kusimama: badala ya kuoza na kupungua, pembetatu inaota. Vinundu vyeupe au vya kijivu, laini, vyenye nyuzinyuzi, vinavyotoka damu ukivigusa na kuenea hata kwenye unyayo. Hiyo si kuoza kwa kawaida, na mrututu hautaimaliza. Inahitaji kukatwa na daktari chini ya ganzi na kufungwa kwa muda mrefu.

Ukwato unamwaga unga, au unalia mtupu ukigongwa

Kwa punda huu ndio ugonjwa wa ukwato ninaouona umepuuzwa kuliko yote, kwa sababu hauumi mwanzoni. Ukwato ukirefuka mbele, kila hatua inaukwanyua ukuta kutoka kwenye unyayo. Mstari mweupe unapanuka, mchanga unaingia, kisha fangasi na bakteria wanakula kutoka chini kwenda juu. Ukikwangua mstari mweupe mbele ya ukwato unakuta unga wa kijivu, mkavu, unaobomoka kama jibini la zamani. Kwa nje ukwato ni mzima kabisa. Ugonge kwa mpini wa kisu: penye afya sauti ni nzito, palipoliwa sauti ni ya chombo kitupu.

Sababu ya kawaida ni kuchelewa kukata kwato. Baada ya hapo ni unyevu, halafu jipu la zamani lililoacha tundu, na mwisho laminaitisi, ule uvimbe wa nyama inayoshikilia mfupa ndani ya ukwato nitakaoueleza hapo chini, iliyopita bila kugunduliwa, ambayo hulegeza mstari mweupe wote.

Kishimo kifupi, cha milimita chache, kinamalizwa na mkata kwato siku ya kawaida ya kukata: anatoa unga wote mpaka afike kwenye ukwato mgumu, anafupisha mbele, wewe unapaka ayodini kila siku na kupiga brashi. Kishimo kikiingia zaidi, hakuna dawa ya kumimina itakayofika juu. Ukuta wa mbele unatakiwa ufunguliwe kwa nje mpaka mwisho wa uozo ili upate hewa. Watu huogopa kuona ukwato umetobolewa kiasi hicho, lakini ukuta uliokufa hauna maumivu. Kuujaza nta, lami au saruji ya meno ili upendeze ni kufungia ugonjwa ndani.

Ukwato hukua karibu milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, hivyo kutoka ukingo wa nywele hadi chini mbele ni safari ya miezi tisa hadi mwaka. Muda wote huo apunguziwe mzigo na akatwe kila wiki sita. Ni mrefu, lakini punda wa kumbadili si wa bei ya zamani. Biashara ya ngozi imewapunguza kiasi kwamba Umoja wa Afrika uliamua 2024 kupiga marufuku kuwachinja kwa ajili hiyo.

Acha na umwite daktari kama uozo umefika karibu na ukingo wa nywele, kama zaidi ya theluthi ya ukuta imetengana, au kama punda ameanza kuchechemea. Hapo ukuta hauushiki tena mfupa vizuri.

Miguu ya mbele yote miwili, anaegemea nyuma

Soma hapa hata kama una haraka, kwa sababu hili huchukuliwa kuwa jipu na mnyama akaharibika.

Kama miguu yote miwili ya mbele ina joto, mapigo yanagonga pande zote, na punda anatupa uzito nyuma au anakataa kugeuka mahali pa mduara mdogo, fikiria laminaitisi kwanza. Si maambukizi ya ukwato. Ni uvimbe wa ile nyama inayoushikilia mfupa ndani ya ukuta, na ikiachia, mfupa huzunguka au kuzama kuelekea unyayo. Mara nyingi chanzo ni tumbo: ameingia stoo akala mahindi au pumba, au amelishwa majani mabichi mengi baada ya mvua, hasa punda mnene mwenye nundu ya mafuta shingoni. Punda jike aliyezaa na kondo la nyuma likabaki ndani ni chanzo kingine cha hatari. Mara chache zaidi ni mguu mmoja uliobeba uzito wote kwa wiki nyingi kwa sababu mwenzake ni mgonjwa.

Usimtembeze. Usimkate kwato siku hiyo. Usiloweke kwa maji ya moto. Msimamishe kwenye mchanga mkavu wa kina cha shubiri moja hivi, ambao pwani hausumbui kuupata, na usimlazimishe kusimama akitaka kulala. Barafu husaidia katika saa 48 za mwanzo ikiwa itawekwa mfululizo kuanzia ukwato hadi juu ya kifundo. Bahari yetu haina baridi ya kutosha, kwa hiyo usidhani kumpeleka ufukweni ni matibabu; barafu ya wavuvi iliyopondwa ndani ya mfuko na maji kidogo itafanya kazi. Ondoa nafaka na majani mabichi, lakini usimnyime chakula kabisa. Punda, hasa mnene au mwenye mimba, akikaa bila kula mafuta hujaa kwenye damu na ini, na hilo huua kwa siku chache. Mpe nyasi kavu au mabua.

Daktari aitwe siku hiyo hiyo. Aliye Lamu anajua pa kwenda: kliniki ya punda ya shirika la Donkey Sanctuary ilianza mjini humo 1987. Kwingine, ofisi ya mifugo ya kaunti au ya wilaya ndiyo pa kuanzia.

Tundu juu ya ukwato, penye nywele

Kwa kawaida ni jipu lililokosa njia ya chini likapanda na kupasukia juu. Unakuta punda aliyekuwa na hali mbaya jana, leo anatembea, na kuna unyevu kwenye ukingo wa nywele. Osha kwa maji ya chumvi, paka ayodini, mwache kwenye pakavu. Baada ya wiki chache utaona mpasuko mdogo wa mlalo ukishuka na ukwato. Huo ni kovu tu, usiuchokonoe.

Likikauka na kufunguka tena, likikauka na kufunguka tena, hasa upande wa nyuma karibu na kisigino, gegedu la ndani limeoza na linahitaji upasuaji. Usiendelee kupaka.

Kama ngozi juu ya ukwato imevimba na ina mchubuko unaozunguka, tazama kamba kabla hujatazama ukwato. Kamba ya nailoni ya kufungia miguu hukata polepole na kuzama chini ya manyoya. Nimewahi kukuta kamba ambayo nyama imeshaanza kuifunika. Hiyo usiivute, daktari aitoe. Uvimbe wa moto unaopanda kuelekea goti, pamoja na homa, nao ni wa daktari. Punda mzima mtu mzima ana joto la takriban 36.2 hadi 37.8 kwenye kipima joto, chini kidogo ya farasi. Kwa hiyo 38.5, ambayo kwa farasi ingepita bila kelele, kwa punda ni homa.

Tulimtibu, amerudi pale pale

Jipu likirudi ukwato ule ule, anza na maswali ya ovyo. Alipewa siku ngapi za kupumzika? Wengi humrudisha kazini mara tu anapoweza kukanyaga, tundu likiwa bado wazi, na mchanga unaingia upya. Tundu lifungwe mpaka liote pembe ngumu ndani, kwa kawaida wiki moja au mbili, ndipo mzigo mwepesi, ndipo mkokoteni.

Kisha kwato zimekatwa lini? Punda anatakiwa kukatwa kila wiki sita hadi kumi, hata yule wa barabara ya lami anayeonekana kujisaga mwenyewe, kwa sababu hujisaga upande. Kwato zilizopinda kwenda juu zisikatwe zote kwa siku moja. Nyama hai ndani nayo imerefuka, na mkata kwato mwenye pupa ataileta damu na jipu jingine. Awamu mbili au tatu, zikipishana wiki tatu hadi nne, ni salama zaidi. Mkata kwato wa ng'ombe si lazima awe anaufahamu ukwato wa punda, na hata aliyezoea farasi huukata mlalo kupita kiasi. Ukwato wa punda husimama wima zaidi, na visigino vyake ni virefu kwa asili.

Majipu yakizunguka kwato tofauti, rudi kwenye laminaitisi, maana inaweza kuwa ilipita kimya kimya. Yakirudi mahali pale pale mara ya tatu licha ya usafi na mapumziko, kisu hakina jibu tena. Kunaweza kuwa na kipande cha mfupa kilichokufa ndani, au uvimbe wa pembe unaoota ukisukuma mfupa na kufungua mlango wa usaha kila mara. Vyote huonekana kwa eksirei, na mashine za kubebeka zipo kwa baadhi ya madaktari wa farasi wa mijini pamoja na vyuo vya tiba ya wanyama. Uliza gharama kabla ya safari, na muulize daktari waziwazi kama mnyama atarudi kufanya kazi. Yapo majibu mawili ambayo watu hawapendi kuyasikia, kwamba ataishi lakini hatabeba tena, au kwamba ni heri auawe kwa sindano asiendelee kuteseka. Na lolote kati ya hayo afadhali ulisikie kabla hujauza mbuzi wa matibabu.